Vimo Ndani ya Jiwe

Mlango wa nyuma wa ile Probox ulikuwa unafunguka kwa nje tu. Shomari alimweleza hivyo shemeji yake asubuhi ile, mbele ya nyumba yao ya Nyasho, Musoma, huku akiuvuta kwa mikono miwili. Kitasa cha ndani kilivunjika siku magunia ya dagaa yaliposhindiliwa humo, na mwenye gari, mfanyabiashara wa Mwigobero, hakuona sababu ya kukitengeneza. Dagaa hawashuki wenyewe.

"Kwa hiyo leo, shemeji, na wewe ni dagaa," Shomari alisema. "Ukitaka kushuka, uniite."

"Shomari!" Mwanaamina alimkemea kutoka kiti cha mbele. "Unamtania mtu aliye edani?"

"Namtania abiria, dada. Eda naiheshimu."

Raya aliinama akaingia, akavuta pindo la baibui lake jeusi lisibanwe, na mlango ukafungwa kwa kishindo. Kioo kilikuwa juu. Ndivyo walivyokubaliana: vioo juu, uso umefunikwa, na yeye asikanyage ardhi mpaka warudi nyumbani. Pembeni yake alikaa mwanawe mdogo, Muzamil, mwenye miaka minne, na upande wa pili bintiye Najat, mwenye miaka kumi. Katikati ya magoti yao, kutoka kwenye buti mpaka karibu na gia, ulilala ufito mmoja wa mbao ya mninga, umenyooka kama mstari wa daftari.

Kwa ajili ya ufito huo ndiyo walikuwa wanasafiri.

Khalidi, mume wa Raya, alikuwa seremala. Kila mwaka shule zinapofungwa na jua limekausha kila kitu, alikuwa anaichukua familia yake hadi nje kidogo ya Nyamuswa, wilaya ya Bunda, kwenye kilima cha mawe ambacho Najat alikiita jangwa la baba, maana kilikuwa na mchanga, miiba na mijusi, na hakikuwa na kivuli. Kupanda kwake ni nusu saa kwa mwendo wa mtoto. Juu kabisa kuna mawe mawili makubwa yaliyosimama wima, na la tatu limelala juu yao. Khalidi aliyaita yote matatu Fremu. "Angalieni," alikuwa anasema kila mara, kama vile hajawahi kulisema, "haina msumari, haina gundi, na haijapinda. Mimi fremu yangu ya mwaka juzi imeshapinda."

Ndani ya Fremu kuna mwanya unaoingia kama hatua kumi. Huko ndani, mahali ambapo mvua haifiki, Khalidi aliwapima watu wake. Mtu anasimama ameegemea jiwe, anawekewa kipande cha mbao kichwani, na penseli bapa ya seremala inachora mstari, jina na mwaka. Alikuwa na sharti moja tu. Aliyebebwa hapimwi. Apande kwa miguu yake mwenyewe kutoka chini hadi juu, ndipo apate mstari. Najat alipata wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu, huku analia. Muzamil mwaka jana alibebwa kipande cha mwisho, kwa hiyo hakupimwa, na alinuna mpaka Musoma.

"Mwaka ujao," baba yake alimwambia.

Mwaka ujao ukafika, na Khalidi hakuwepo. Alianguka karakanani siku ya tatu ya Idi, alasiri, randa bado iko mkononi.

Tangu siku hiyo Raya alikaa ndani. Alikaa eda ya mjane kama alivyowaona wengine wakikaa, miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila kutoka. Dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jirani, na kwenye ukuta ule kulikuwa na ufa. Kufikia mwezi wa pili aliujua ufa ule kuliko alivyoujua uso wake, maana kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa kanga. Wifi yake Mwanaamina, dada mkubwa wa Khalidi, ndiye aliyeisimamia nyumba. Alipika, alipokea wageni, aliwapeleka watoto shule, na aliyekuja akiwa na swali alijibiwa na yeye. Hakuwa mkali. Alikuwa na hakika tu, na mtu mwenye hakika ni vigumu kumwomba kitu.

Halafu Alhamisi hii, Machage wa Nyamuswa akapiga simu. Huyu alikuwa anamuuzia Khalidi mbao zamani, na sasa alikuwa na vijana wake wanaogonga kokoto. Alimwambia Shomari, mdogo wake Khalidi, kwamba mwenye kile kilima ameruhusu mawe yapasuliwe. "Lile la fundi nalo lipo kwenye hesabu," alisema. "Nimeona niwaambie. Fundi alikuwaga mtu wangu."

Najat aliyasikia maneno hayo. Usiku ule hakula. Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, hakula pia. Raya alimwita chumbani akamweleza namna baba yake alivyofanya kazi pale ambapo futi haiwezi kufika: seremala anachukua ufito, anausimamisha pale pale, anahamishia alama zote juu yake, kisha anaondoka na ukuta mzima mkononi. "Jiwe hatuwezi kulibeba," alimwambia, "lakini alama tunaweza."

"Nani atazihamisha?"

Raya akautazama mlango wa chumba.

Najat akaenda sebuleni akasimama mbele ya shangazi yake. Akasema anamtaka mama aende naye. Akaulizwa kama hajui mama yake yuko edani. Akasema anajua. Akaanza kulia bila sauti, kama baba yake alivyokuwa akilia misibani, na Mwanaamina, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kelele, akakosa la kufanya. Ndipo akatoa ruhusa ile ya vioo juu.

"Gari ni chumba chenye magurudumu," Shomari akasaidia.

Raya aliagiza ufito wa futi sita na nusu. Kama angeweza kwenda karakanani mwenyewe angeuchagua. Shomari akaleta wa futi tano na nusu, akasema watoto hawajawa minazi. Raya akautazama, akashukuru.

Kulikuwa na jambo jingine alilolinyamazia.

Sebuleni ilining'inia kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, na juu yake Mwanaamina alikuwa amezungushia duara jekundu Jumanne ya tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane. Hiyo ndiyo siku ya kumtoa Raya eda. Mchele ulikuwa umeshanunuliwa, na ndugu wa Bunda walikuwa wameshaalikwa. Lakini nyuma ya mlango wa chumba cha Raya ilikuwepo kalenda ya msikiti, yenye miezi ya mwandamo. Khalidi alikufa tarehe tatu Mfungo Mosi. Raya alihesabu kwa kidole, asubuhi moja akiwa peke yake, kisha akarudia, kisha akarudia tena: tatu Mfungo Pili, tatu Mfungo Tatu, Mfungo Nne, Mfungo Tano, na siku kumi juu yake. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya dukani, inahesabiwa kwa mwezi wa mwandamo, ambao ni mfupi zaidi. Yake ilikwisha Alhamisi, alasiri. Siku hiyo alikaa kitandani akasikiliza adhana mpaka mwisho. Hakuna aliyekuja. Akaswali, akakunja mswala, akauangalia ufa.

Angewezaje kusema? Mjane anayehesabu siku, watu wanajua anahesabia nini. Au wanadhani wanajua, na kwake ilikuwa ni mamoja. Kila alipofungua mdomo alisikia tayari vile litakavyosimuliwa Nyasho nzima: huyo hata kaburi halijakauka. Akaufunga.

Sasa alikuwa amekaa ndani ya Probox inayonuka dagaa, siku mbili baada ya eda yake kwisha, amefungiwa kwa ajili ya eda hiyo hiyo.

Walipita Makutano, wakashika njia ya Butiama, wakaacha lami. Vumbi likawa linapanda kwenye vioo na kuteleza. Nje kila kitu kilikuwa na rangi moja ya gunia: mabua ya mahindi yaliyosahaulika shambani, mikonge ya mipakani, ng'ombe wamesimama kwenye mto usio na maji kama vile wameambiwa wasubiri hapo. Muzamil aliuliza kama tembo wanaishi humo. Shomari akamwambia wapo, ila leo wako likizo ya Nane Nane.

Saa sita kasoro walifika chini ya kilima. Machage alikuwa anawasubiri, kofia mkononi, vumbi jeupe kwenye nyusi. Aliinamia kioo cha mbele akampa Mwanaamina pole, kisha akaelekeza pole nyingine nyuma, bila kutazama, kwa adabu.

"Msichelewe huko juu," akamwambia Shomari. "Vijana wameshapanga magogo na matairi juu ya lile jiwe. Linachomwa kwanza, likishapata moto ndio linamwagiwa maji, linapasuka lenyewe. Saa nane tunawasha."

"Leo? Si ulisema wiki ijayo?"

"Kubeba ndio wiki ijayo, bwana. Lori linakuja Jumatatu. Kokoto haipasuki kwa kuiangalia."

Shomari akawateremsha watoto, akachomoa ufito, akampa Najat penseli bapa ya baba yake. Najat akaja kwenye dirisha la mama yake. Walitazamana kupitia kioo chenye vumbi.

"Upite pale panapobana," Raya alisema kwa sauti ya juu ili asikike, "kisha ugeuke utazame ulikotoka. Usipogeuka huzioni. Umesikia?"

Najat aliitikia kwa kichwa. Wakaondoka, Shomari mbele na ufito begani, Muzamil nyuma kabisa, mikono mfukoni, anatembea kama mtu aliyeitwa shahidi. Njia ilikuwa mchanga, kisha changarawe, kisha mwamba mtupu. Pimbi wawili walitoka kwenye ufa wakawaangalia, wakarudi. Baada ya hapo haikuonekana tena ila rangi nyekundu ya fulana ya Muzamil, inapotea na kutokea kati ya mawe.

Wanawake wawili walibaki garini.

Jua lilikuwa utosini. Bati la gari likaanza kutoa sauti ndogo ndogo, kama sufuria iliyoepuliwa. Mwanaamina alifungua mlango wake wa mbele akatoa mguu mmoja nje, ule wenye goti bovu, akaunyoosha. Upepo ukaingia mbele, haukufika nyuma. Raya alihisi jasho linashuka mgongoni, likafika kiunoni, likasimama. Aliweka kiganja kwenye mlango. Ulikuwa wa moto. Aliupapasa pale kitasa kilipokuwa, akakuta tundu na waya.

"Teremsha kioo kidogo," Mwanaamina alisema bila kugeuka. "Hewa si mwanamume."

Raya akazungusha. Kioo kilishuka vidole viwili kikakwama.

"Hapo panatosha?"

"Panatosha, wifi."

Wakakaa. Kutoka juu zilisikika nyundo za wagonga kokoto, ko, ko, ko, kila moja na mwendo wake. Mwanaamina alichezesha tasbihi. Raya alihesabu. Sasa wamefika kwenye mchanga mweupe. Sasa kwenye jiwe linalofanana na mkate uliokatwa, ambapo Khalidi alikuwa anagawa karanga. Sasa Muzamil anaomba kubebwa. Usimbebe, Shomari. Alijikuta amelisema kwa sauti.

"Unasemaje?"

"Akibebwa hapimwi. Sikumwambia Shomari."

Mwanaamina alivuta pumzi. "Khalidi na masharti yake. Utotoni alinipima mimi kwa ufagio. Akaniambia nimepinda."

Walicheka wote wawili, kidogo, na kila mmoja akaacha kwa wakati wake. Ilikuwa mara ya kwanza Raya kulisikia jina hilo bila neno marehemu mbele yake.

Saa saba na robo Najat alionekana anashuka mbio, peke yake, mikono imetanuliwa. Magoti yalikuwa meupe kwa vumbi na shavu moja limechubuka. Hakwenda kwa shangazi yake. Alikwenda kwenye kioo kilichoshuka vidole viwili, akaingiza vidole vyake humo.

"Mama, siwezi."

"Umezipata?"

"Sijaingia. Kuna giza. Wameweka magogo juu, mwanga hauingii. Baba mdogo amejaribu, tumbo limekwama. Machage na vijana wake ndio wamemvuta miguu." Alikuwa anahema. "Nimeingia mpaka panapobana. Kuna popo. Mama, zamani baba alikuwa mbele na wewe nyuma. Sasa mbele hakuna mtu."

Raya aliangalia vidole vile vinne kwenye ukingo wa kioo, kucha zimejaa vumbi.

"Mwambie Machage asubiri kidogo," Mwanaamina alisema.

"Ameshasema hawezi, shangazi. Maji yamebebwa na punda, yanatosha leo tu."

"Basi mwanangu, Mungu hakupenda. Tutapiga picha kwa nje."

Najat akatoa vidole. Hakulia. Aligeuka akatazama juu, na Raya akauona mgongo wake, mabega yale membamba ya Khalidi. Nyundo zilikuwa zimeacha kugonga. Labda walikuwa wanakula. Labda walikuwa wanatafuta kiberiti.

"Wifi," Raya alisema. "Nifungulie mlango."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kupanda."

Mwanaamina aligeuka mzima kwenye kiti. "Raya. Zimebaki siku tatu. Miezi yote hiyo umekaa vizuri, hakuna mtu Nyasho mwenye neno juu yako. Uje kuiharibu eda ya mdogo wangu kwa siku tatu?"

"Hazijabaki."

"Jumanne…"

"Jumanne ni ya kalenda ya duka, wifi." Aliinama mbele, karibu na kiti cha wifi yake. "Alikufa siku ya tatu ya Idi. Tatu Mfungo Mosi. Hesabu mwenyewe."

Mwanaamina alishika tasbihi, akasogeza punje moja. Midomo yake ilicheza. Akasogeza ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha akaanza kuhesabu zile kumi, polepole, akafika nane, akarudi mwanzo. Raya aliona shingo ya wifi yake inabadilika rangi kutoka chini kwenda juu.

"Alhamisi," Mwanaamina alisema mwishowe.

"Alhamisi. Alasiri."

"Na mimi Alhamisi hiyo nilikuwa nachambua mchele sebuleni." Aliitazama tasbihi kama imemsaliti. "Mimi niliyefundisha watoto wa watu madrasa miaka sita. Nimehesabu eda kwa kalenda ya nondo na saruji. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, wifi? Ungeniuliza naharakia nini."

Mwanaamina alifungua mdomo kukataa. Akaufunga. Alikuwa mtu mwenye hakika, lakini hakuwa mwongo.

"Ningekuuliza," alisema. "Na ningelisimulia."

Najat alikuwa amesimama jua kali, anawatazama mmoja baada ya mwingine.

Mwanaamina akashuka. Goti lilitoa sauti. Alizunguka mbele ya gari, mkono juu ya boneti, akauondoa haraka kwa jinsi ulivyoungua, akaja mpaka mlango wa nyuma. Akauvuta. Haukufunguka. Akaweka mguu mzima kwenye tairi, akauvuta tena kwa uzito wake wote, na mlango ukaachia ghafla, nusura umtupe.

Raya aliweka mguu chini. Mchanga ulipita juu ya kandambili ukamchoma, na kwa muda hakuweza kusogea. Miguu ilikuwa imezoea hatua saba, kitanda hadi mlango.

"Nenda," Mwanaamina alisema. "Moto hausubiri. Mimi nakuja na mguu wangu."

Njia aliyoipanda kila mwaka ilikuwa imerefuka. Kufika kwenye jiwe la mkate moyo ulikuwa unampiga masikioni, na baibui lilinasa kwenye miiba mara mbili. Mara ya pili hakulinasua, alilivuta likachanika. Najat alikuwa mbele, anageuka, anangoja, anaenda. Juu ya Fremu magogo yalikuwa yamepangwa kweli, na matairi juu yake, na harufu ya mafuta ya taa. Machage alisimama kando na kibuyu cha mafuta. Alipomwona mwanamke mwenye baibui jeusi anapanda nyuma ya Najat alivua kofia.

"Nusu saa, mama," alisema kabla hajaombwa. "Nusu saa nitawashika hawa."

Shomari alikaa kwenye mwamba, shati limefunguka vifungo, tumbo lina mikwaruzo. Muzamil alikuwa karibu naye.

"Shemeji," Shomari alisema, "sijui umetokaje, na siulizi."

"Alikubeba?" Raya alimwuliza Muzamil.

"Sikubebwa!" Muzamil alifoka. "Nilianguka mara tatu nikaamka."

Raya alichukua ufito, akaingia kwanza. Mbele.

Mwanya ulimpokea bega moja moja. Miaka mingine jiwe lilikuwa baridi kama mtungi, leo lilikuwa vuguvugu kwa jua la mchana, na giza lilianza pale pale mlangoni. Hatua ya nne, mwamba ulimgusa kifuani na mgongoni kwa pamoja. Alisimama. Alijaribu kuvuta pumzi akakuta hakuna nafasi ya kuiweka. Nyuma yake alimsikia Najat anahema kwa pua. Hapo ndipo Khalidi alikuwa anasema toa pumzi, usiivute, jiwe halisogei lakini wewe unapungua. Alitoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Ya garini, ya chumbani, ya zile alasiri. Akapungua. Akapita.

Ndani palikuwa na nafasi ya watu watatu wamesimama. Popo walipita juu ya kichwa chake. Alimvuta Najat kwa mkono, kisha Muzamil, kisha akageuka akatazama walikotoka. Mwanga mwembamba wa mlangoni ulilamba jiwe upande wa kushoto, na pale, chini hadi juu, ilikuwepo mistari.

Muzamil aliigusa ya chini kabisa. Najat, miaka mitatu.

"Haraka," Raya alisema. "Shika ufito hapa chini usisogee."

Aliusimamisha sambamba na mistari, akachora. Najat wa miaka mitatu, wa minne, wa mitano, mistari yote. Ule wa miaka saba na ule wa minane iliachana kidole kimoja tu, mwaka aliougua. Penseli ilikuwa bapa na butu na mkono wa Raya ulikuwa na jasho, akaandika majina vile vile. Alimsimamisha Muzamil ameegemea jiwe, akamwekea kiganja kichwani.

"Usijinyooshe vidole vya miguu."

"Sijinyooshi."

"Unajinyoosha."

Alichora mstari wa kwanza wa Muzamil mara mbili, kwenye ufito na kwenye jiwe, ingawa jiwe lilikuwa limebakiwa na dakika chache tu. Kisha wa Najat. Kisha akaona wake mwenyewe, Raya, mwaka walipooana, karibu na ncha ya ufito. Akauhamisha.

"Mnaona nini?" Ilikuwa sauti ya Mwanaamina nje, inahema. Alikuwa amepanda. "Nisomeeni. Mimi hapo sipiti hata nikizaliwa upya."

Najat akamsomea, kwa sauti ya darasani, jina na mwaka, jina na mwaka. Nje kila jina lilijibiwa na "ehe."

"Na yeye mwenyewe? Hayupo?"

Alikuwepo. Mwaka jana watoto walimlazimisha, Najat akapanda juu ya jiwe akamchora, mstari umepinda kama njia ya mchwa. K tu, bila jina, kwa sababu Khalidi alikuwa anacheka, hatulii. Raya aliinua macho. Mstari ulikuwa juu ya ncha ya ufito, karibu shibiri moja. Ufito haukumfikia.

Alisimama akiuangalia. Nje Machage alikohoa.

Angeomba ufito mwingine, haukuwepo. Ndipo mikono yake ikakumbuka kitu ambacho kichwa hakikukumbuka: Khalidi, mbao ikiwa fupi, hakuitupa. Aliihesabu kutoka alama ya katikati. Raya akaugeuza ufito upande ule usio na kitu, akaweka mwisho wake juu ya mstari wake mwenyewe, ule wa mwaka wa harusi, akaupandisha wima. Akachora pale K ilipofika. Kutoka kichwani kwake mpaka kichwani kwa mumewe. Aliandika herufi moja, kama ilivyokuwa, imepinda.

"Yupo," akaita nje. "Nimemchukua."

Walishuka huku moto umeshawashwa. Moshi mweusi wa matairi ulikwenda upande wa Bunda. Mlio wa kwanza wa jiwe ulisikika walipofika garini, mzito, kama mlango mkubwa unaofungwa mbali. Muzamil alitaka kurudi kuangalia, akakatazwa. Najat hakugeuka.

Shomari aliuvuta mlango wa nyuma kwa mikono miwili. Lakini Mwanaamina ndiye aliyetangulia kuingia huko, mguu mbovu umenyooshwa, Muzamil pembeni yake.

"Kaa mbele," alimwambia Raya. "Jumanne watu watakuja wale pilau yao. Siwaambii kitu mpaka waulize, wakiuliza nitasema nilikosea mimi."

Raya akakaa mbele. Kioo cha huko kilishuka chote. Vumbi la Butiama liliingia likamjaa usoni, naye hakujifunika.

Nyuma, ufito ulilala juu ya magoti ya Mwanaamina. Alikuwa anaupapasa kwa kidole, mstari hadi mstari, kama mtu anayesoma gizani.

"Huyu nani?"

"Mimi," Najat alisema. "Nina miaka mitano."

"Na huyu aliyejinyoosha?"

"Sikujinyoosha, shangazi!"

Kidole kikafika ncha, kikazunguka upande wa pili, kikatafuta. Kikakuta mstari mmoja, peke yake, na herufi iliyopinda. Mwanaamina hakuuliza huyo ni nani. Alikiacha kidole hapo mpaka Makutano.